Nyumba na Riziki: Chupa ya Sosi na Mashine ya Mayatima



 Leo naomba ruhusa yenu niyaweke kando mambo ya jiko na malezi ambayo ukurasa huu umeyazoea, nikuzungumzieni mafuta. Sikusudii mafuta ya kupikia wala ya nywele. Nakusudia mafuta mazito yakaayo ndani ya mguu wa mashine ya boti, mahali ambapo wengi wetu hatujapata kupatupia jicho.

Najua yuko dada atakayesema, "Haya ni ya mabaharia, sisi yanatuhusu nini?" Nami ningesema hivyo hivyo kabla ya safari yangu ya mwezi wa Rajab uliopita. Lakini ni nyumba ngapi za pwani yetu, tangu Vanga hadi Kizingitini, ambazo chungu chao hutegemea mashine iliyofungwa nyuma ya boti? Mashine ile ikisimama, wa kwanza kujua ni nahodha. Wa pili ni mama wa nyumba, siku afunguapo kopo la unga na kulikuta tupu. Kitu kiwezacho kulizima jiko lako ni haki yako kukijua, hata kama hukishiki kwa mkono wako.

Safari hiyo ilinipeleka mbali na bahari, hadi Pap Onditi, mji mdogo wa Nyakach katika kaunti ya Kisumu, kwenye barabara itokayo Katito kuelekea Kendu Bay. Kwa Kijaluo, pap ni uwanja au mahali tambarare, na jina hilo limeistahiki nchi yenyewe, kwani upande mmoja imeinuka miinuko ya Nyabondo, na upande wa pili ardhi imelala wazi ikiteremka taratibu mpaka Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulioingia ndani ya Kenya. Hapo ndipo anapoishi binti wa mama yangu mdogo, tuliyelelewa naye nyumba moja hapa Mombasa. Aliolewa na mfanyabiashara wa Kendu Bay, mji ambao Waislamu wamekaa humo kwa vizazi, na baadaye wakahamia Pap Onditi wakafungua duka.

Mumewe, Mola amrehemu, alifariki akiwaacha watoto watatu, duka, na boti moja ya mbao yenye mashine ya nguvu za farasi 15, iegeshwayo ufuoni Kusa. Mirathi ilipogawanywa, boti na mashine ziliangukia fungu la watoto. Mama yao akawa msimamizi tu. Shikeni neno hilo, kwani ndilo lililomfanya mwanamke aliyekulia kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ajifunze kufungua skrubu za mashine.

Mguu wa mashine na siri yake

Nami nilikuwa sijui, basi nitakueleza kama nilivyoelezwa. Mashine ya kufunga nyuma ya boti ina kichwa na mguu. Kichwani ndimo petroli inamoungua na sauti inamotoka. Mguu huteremka majini, na mwishoni mwake iko rafadha, yale mapanga yanayozunguka na kuisukuma boti. Nguvu hushuka kutoka kichwani kwa chuma kilichosimama wima, na kule chini hupinda ili izungushe chuma kilicholala, chenye rafadha. Hapo penye kupinda pana meno ya gia yanayosagana maelfu ya mara kila dakika, yote yakiwa ndani ya kijumba kidogo kilichojaa mafuta, nacho kimezamishwa majini mchana kutwa au usiku kucha.

Mafuta ya gia si mengi. Kwa mashine ya nguvu za farasi 15 ni kiasi cha robo lita tu, pungufu ya kikombe kikubwa cha chai. Lakini robo lita hiyo ndiyo iliyosimama baina ya chuma na chuma, na baina ya chuma na maji. Maji yakipata njia ya kuingia, mafuta huchafuka yakawa meupe kama chai ya maziwa, meno hupata kutu, na siku moja mashine hunguruma kichwani ilhali rafadha haizunguki. Mkiwa katikati ya ziwa, upepo umegeuka na makasia ni mawili, hapo ndipo thamani ya kile kikombe cha mafuta hujulikana.

Maji huingia kwa njia gani? Ziko mbili zilizo kubwa. Ya kwanza ni kwenye skrubu mbili zilizoko ubavuni mwa mguu, moja chini na moja juu, ambazo hufunguliwa wakati wa kubadilisha mafuta. Kila skrubu ina kijipete chembamba ambacho mafundi hukiita washa, na kikichakaa, huvuja. Njia ya pili ni nyuma ya rafadha, pale chuma kinapotokeza nje. Pana kipete cha mpira kiitwacho sili, kazi yake ni kuzuia maji yasiingie na mafuta yasitoke. Adui mkubwa wa sili ni uzi wa nyavu. Uzi ukinaswa na rafadha hujisokota kwenye chuma, ukajikaza, ukaingia ndani taratibu na kuikata sili kama wembe.

Vitabu vya watengenezaji wengi huagiza mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au kila miezi 6. Watu wengi hushika lile neno la miezi 6 wakasahau lile la saa 100. Ndugu yangu alinifanyia hesabu kwa kalamu, nyuma ya daftari la duka. Boti ya matembezi hutoka siku chache kwa mwezi, na huenda isizifikie saa 100 katika nusu mwaka. Boti ya mvuvi ikitembea saa 5 kwa siku huzitimiza kwa siku 20 tu. Mwenye kungoja miezi 6 amekwisha vuka kiwango hicho mara kadhaa, naye anadhani ameitii kanuni.

Hasara ya kwanza

Elimu hii hakuipata bure. Mwaka wa kwanza wa ujane wake, mashine ilipelekwa kwa fundi, akabadilisha mafuta. Washa moja ilikuwa imepasuka, na dukani karibu hapakuwa na nyingine. Fundi akachukua mpira wa ndani wa baiskeli, akakata kijipete kwa mkasi, akakifunga, mambo yakaisha. Simtaji mtu huyo, wala hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumpunguzia mjane gharama na kumwokolea siku moja. Lakini mpira wa baiskeli haukuumbwa kukaa ndani ya mafuta. Hulainika, huvimba, kisha hulegea. Maji yakaingia kidogo kidogo kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu, maana skrubu ile haikufunguliwa tena mpaka siku meno ya gia yalipokatika.

Gharama ya gia mpya na ya kazi ilizidi ada ya shule ya watoto wote watatu kwa muhula mzima. Mtoto mkubwa alikaa nyumbani majuma kadhaa. "Dada," aliniambia, "usiku ule sikulia kwa sababu ya fedha. Nililia kwa sababu siku watoto hawa watakapokuwa wakubwa na kuniuliza mashine ya baba yao iliharibikaje, jibu langu lingekuwa kijipande cha mpira wa baiskeli ambacho hata sikujua kwamba kipo."

Hapo ndipo aliposhika njia. Alimwendea fundi mwingine, mzee mmoja wa ufuoni, akamwomba asimtengenezee kitu bali amfundishe. Mzee alicheka kwanza, kisha akamfundisha. Wakatengeneza vifaa vyao kwa vitu vya nyumbani, kwa kuwa pampu maalumu ya kutilia mafuta haikupatikana hapo karibu, na iliyopatikana mbali ilikuwa ghali.

Vifaa vya nyumbani

Nilivikuta vimepangwa ndani ya karai chini ya meza ya duka, safi kama vyombo vya mgeni. Nitavitaja kimoja kimoja, kwa kuwa najua wako watakaotaka kuvitengeneza.

Cha kwanza ni farasi wa mbao, miguu minne na ubao wa juu, wa kufungia mashine isimame wima kama isimamavyo nyuma ya boti. Ikiinama, mafuta hayatoki yote, na kipimo huongopa.

Cha pili ni dumu la lita 5 lililokatwa ubavu mmoja likawa kama karai, la kukingia mafuta machafu. Pembeni yake ipo chupa ya maji ya nusu lita iliyochorwa mistari kwa kalamu, ya kupimia yaliyotoka. Ikiwa uliingiza robo lita na imetoka pungufu, jua kwamba pana mahali panapovuja.

Cha tatu ndicho kilichonifurahisha zaidi, nacho ni chupa laini ya plastiki iliyokuwa na sosi ya nyanya, ile yenye mdomo mrefu mwembamba. Mdomoni amevisha mpira wa plastiki unaopenyeza mwanga, urefu wake kama shubiri mbili, akaukaza kwa waya. Chupa ikibanwa kwa mkono, mafuta hupita mpirani, na kwa kuwa mpira unaonyesha ndani, unaona yakipita au yakisimama.

Cha nne ni kiungo baina ya mpira na mashine. Alichukua skrubu kuukuu ya mashine ile ile, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, ikatobolewa katikati tangu kichwani hadi mwisho, na juu yake kikachomelewa kipande kifupi cha bomba jembamba la shaba, lile litumikalo kwenye friji. Mpira huvishwa kwenye bomba, na skrubu hufungwa kwa vidole kwenye tundu la chini la mashine. Haivuji, haichomoki, na mkono mmoja hubaki huru.

Cha tano ni sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu ya redio. Hupitishwa ndani ya mafuta yaliyotoka. Ikinasa unga mwembamba kama masizi, hiyo ni dalili ya kusagana kwa kawaida. Ikinasa vipande vinavyoshikika kwa kucha, mashine isiende popote kabla ya fundi kuifungua.

Kazi yenyewe nilimwona akiifanya uani, kanga ameifunga kiunoni, mtoto wa kati ameshika tochi. Kwanza huchomoa waya wa plagi, ili mashine isije ikashtuka na kuwaka ilhali mkono uko karibu na rafadha. Mashine huwa imetoka kufanya kazi au imekaa juani kidogo, ili mafuta yawe mepesi. Hufungua skrubu ya chini, kisha ya juu ili hewa ipate kuingia, na kuyaacha yatiririke mpaka yatakapokata, bila haraka, muda wa kupika wali ukaiva.

Kisha huja jambo ambalo wengi hulikosea. Mafuta mapya hayamiminwi kwa tundu la juu. Yakitoka juu hufungia hewa chini, nawe utadhani mguu umejaa kumbe una matundu ya hewa. Huingizwa kwa tundu la chini, yakapanda polepole yakiisukuma hewa mbele yake, mpaka yatokeze tundu la juu bila povu. Yakishatokeza, hufungwa kwanza skrubu ya juu, ndipo kiungo cha chini hutolewa na skrubu ya chini kurudishwa upesi. Hupoteza matone machache tu. Kwa nini hayamwagiki? Kila aliyekunywa dafu kwa mrija anajua. Ukiziba juu ya mrija kwa kidole, maji yaliyomo hubaki yananing'inia.

Mafuta yenyewe huwa ya gia, aina iliyoandikwa katika kitabu cha mashine, na kwa mashine nyingi za namna hii ni mafuta mazito ya namba 90. Si oili ya injini, wala si mafuta yoyote yaliyobaki ghalani. Na washa huwa mpya kila mara, za dukani, za mashine ile ile. Huzinunua nyingi kwa pamoja kila aendapo Kisumu, akazihifadhi kwenye kichupa cha dawa.

Hapo nilimuuliza swali ambalo huenda nawe unaliuliza. "Mbona chupa umeunda, skrubu umeunda, farasi wa mbao umeunda, na washa, kitu kidogo kuliko vyote, hukubali kuiunda?"

Alijibu huku akipangusa mikono, "Dada, kitakachobaki mkononi mwangu nakiunda. Kitakachobaki ndani ya mashine nakinunua."

Nimelipima neno hilo tangu siku ile na sijaona kasoro yake. Chupa ya sosi ikipasuka, tutacheka na kutafuta nyingine, na uani patachafuka kidogo. Washa ya kubahatisha ikilegea, italegea gizani, chini ya maji, mahali pasipo na macho, na atakayelipa ni mtu aliye mbali na nchi kavu. Kubana matumizi ni jambo jema, lakini kuna mahali pake na pasipo pake, na mpaka wenyewe uko pale pale: je, kikishindwa, kitashindwa mbele yangu au nyuma yangu?

Tone la kwanza

Kuna jambo jingine alilofundishwa, lisilohitaji hata robo lita ya mafuta. Maji ni mazito kuliko mafuta; kila apikaye anajua kwamba yakiachwa yatulie, maji hukaa chini. Basi mashine ikilala wima usiku mzima, maji yaliyoingia hushuka hadi kwenye tundu la chini. Ukilegeza skrubu ya chini kidogo tu, bila kuitoa, tone la kwanza ndilo litakalokupa habari. Likiwa na rangi yake ya mafuta, kaza skrubu uende zako. Likiwa maji au likiwa jeupe, usiende.

Siku ya nne ya ugeni wangu nilifuatana naye ufuoni. Boti ilikuwa itoke jioni. Alilegeza skrubu, akakinga kwa kiganja, na tone likatoka jeupe kama chai ya maziwa. Nahodha, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyefanya kazi na marehemu tangu zamani, akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mashine inaunguruma vizuri. Wiki hii wenzetu wanapata samaki. Acha twende leo, tukirudi tutaangalia."

Akamjibu, "Nahodha, mashine hii si yangu. Ingekuwa yangu, ningekukubalia."

Boti haikutoka. Sitakudanganyeni kwamba usiku ule dhoruba ilivuma na waliotoka wakapatwa na balaa. Ziwa lilitulia kama kioo. Wenzao walirudi alfajiri na mbuta wakubwa, na sauti za mnada wa samaki tulizisikia. Sisi tulikula ugali na sukuma wiki siku nne, hadi sili ilipopatikana Kisumu na yule mzee akaifungua mashine. Alipovua rafadha, nyuma yake ulikutwa uzi wa nyavu umejisokota na kukazana, na sili imekatika upande mmoja. Gia zilikuwa salama. Kutu haikuwa imeanza.

Nahodha hakusema neno kwa siku mbili. Ya tatu alikuja dukani na shauri ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko samaki wote wa juma lile. Alisema mafuta ya gia, washa na sili visitoke tena katika fungu la mwenye boti peke yake, bali viondolewe pamoja na petroli kabla ya kugawana mapato, kwa kuwa mguu wa mashine ukifa, wanaolala njaa ni wote. Na kila watokapo majini, mabaharia wakague nyuma ya rafadha na kuondoa uzi wowote. Waliandikiana katika daftari. Mwenye kujua jinsi mgao wa boti unavyozusha maneno, huku kwetu kama kule kwao, atajua kwamba makubaliano yale hayakuwa jambo dogo.

Mafuta yaliyotoka yaende wapi?

Limebaki moja. Yale mafuta machafu, wengi huyamwaga pale pale ufuoni, yakaingia majini. Huku kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mtu anaweza kujidanganya kwamba bahari imeyachukua, ingawa yaliyochukuliwa hapa hutua kwa jirani, kwenye mikoko na mazalio ya samaki. Ziwani hata udanganyifu huo haupo. Hakuna kujaa wala kupwa. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, na mlango wake wa kuingilia ziwa kuu ni mwembamba. Kitu kikimwagwa humo hukaa. Na maji ya ufuo ule ule ndiyo kina mama huchota kwa kupikia, kufulia na kuoshea watoto.

Ndugu yangu huyatia mafuta hayo kwenye dumu lenye mfuniko, lililoandikwa kwa rangi nyekundu ili mtoto asije akalidhania la kupikia, na likijaa hulipeleka kwenye gereji ya magari inayokusanya oili chafu. Ile chupa ya sosi nayo hairudi jikoni kamwe. Na lipo onyo jingine alilonipa. Pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa shambani isigeuzwe ya kutilia mafuta kisha ikarudishwa kwenye mboga. Chombo kilichoingia katika kazi hii kimeolewa nayo, hakitoki.

Kwa sisi wa pwani, maneno haya yana uzito zaidi, kwa kuwa maji yetu yana chumvi, na chumvi hukila chuma upesi kuliko maji baridi ya ziwani. Mwenye boti Lamu, Gazi au Shimoni aoshe mguu wa mashine kwa maji matamu kila itokapo baharini, na alitazame tone la kwanza mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa Kusa.

Basi dada yangu msomaji, sikuombi uwe fundi. Nakuomba jioni ya leo, mzee wa nyumba au kijana wako akirudi kutoka ufuoni, umwandalie chai yake, kisha umuulize kwa upole: "Mafuta ya gia mlibadilisha lini? Na washa mlitia mpya?" Akikujibu kwa tarehe, mshukuru Mola na umtilie kikombe cha pili. Akikujibu, "Iko sawa tu," mletee kalamu na daftari. Wale mayatima watatu wa Pap Onditi wamerudi shule. Mkubwa wao, msichana wa miaka 14, sasa ndiye ashikaye daftari la saa za mashine, na siku niliyoondoka alikuwa akimfundisha mdogo wake kulegeza skrubu bila kuitoa.